Mtoto Aliyeonjeshwa kwa Heshima

Mwanamke mmoja alikuwa na mtoto wa pekee, aliyempata baada ya miaka mingi ya kuchekwa kuwa ni tasa. Mwanamke huyo aliitwa Subilaga, na mtoto alimpa jina Lusekelo, yaani furaha. Waliishi milimani, kwenye baridi na mvua isiyokatika, na kabla mtoto hajaanza hata kutambaa akashikwa na mafua.

Subilaga hakuwa mzembe. Alimfunga mgongoni, akateremka naye zahanati. Nesi alimsikiliza mtoto kifua, akasema mafua yale yataondoka yenyewe. Amnyonyeshe mara kwa mara, amsafishe pua kwa matone ya maji ya chumvi aliyompa, na akimwona anapumua kwa shida au anakataa ziwa, amrudishe mbio. Dawa za mafua za dukani asimpe hata tone, kwa sababu mtoto mdogo hivyo hazimponyi, na zinaweza kumdhuru. Subilaga alirudi nyumbani moyo umetulia.

Sasa sikieni. Mtaani kwao kulikuwa na desturi. Mgonjwa haendewi mikono mitupu, na kilicholetwa hakiwekwi kando. Mgonjwa hukionja mbele ya aliyekileta. Ukikiweka kando, umemwita mgeni wako mchawi. Zamani watu walileta ndizi na maziwa, na hakuna aliyedhurika. Lakini siku hizi ndizi ni zawadi ya mshamba. Siku hizi watu wanaleta chupa.

Mama mkwe alikuja wa kwanza, na dawa nyekundu. Wifi akaja na ya njano. Mzee wa kanisa na mkewe wakaja na ya kijani, wakaomba kwanza, wakafungua baadaye. Wote walinunua duka lile lile, na muuzaji hakumuuliza hata mmoja wao mgonjwa ana umri gani. Rangi zilitofautiana, majina yalitofautiana, lakini ndani ilikuwa dawa ile ile. Onyo la kutompa mtoto mchanga lilikuwa limeandikwa kwenye kila chupa, na wote walijua kusoma. Hilo ndilo linalonichoma.

Subilaga alijaribu. Alisema nesi amekataza. Mama mkwe akacheka, akasema, "Nesi mwenyewe kazaa wangapi?" Basi Subilaga akainamisha kichwa, akamshika mtoto, na kijiko kikaingia. Kwa wifi alimshika mtoto tena. Kwa mzee wa kanisa alisema asante.

Mtoto akanyamaza. Kikohozi kikakoma, kilio kikakoma, akalala katikati ya kelele za wageni. Wakaangaliana kwa furaha, kila mmoja akiamini ni chupa yake iliyofanya kazi, wakaendelea kunywa chai. Mama alipomwekea ziwa mdomoni, hakulishika. Alipomtikisa, hakufumbua macho, na pumzi yake ilikuwa inakuja kwa mbali. Wakakimbia naye zahanati kwenye mvua, wote, hata yule mzee. Hawakuwahi.

Msibani walijaa tena. Mzee wa kanisa akasimama kuwafariji wafiwa, akasema ni mapenzi ya Mungu, na watu wakaitikia amina. Ndipo Subilaga, ambaye alikuwa hajawahi kuinua sauti mbele ya wakwe zake, akainuka mkekani.

"Msimsingizie Mungu," alisema. "Mungu hakushika kijiko. Mlishika ninyi, na mimi ndiye niliyewashikia mtoto."

Mnajua walifanya nini? Walisema uchungu umemchanganya mama wa watu. Wakamketisha, wakampa maji. Mama mkwe akalia kwa kuaibishwa mbele za watu, na wengi wakaenda kumbembeleza yeye.

Nimekasirika, na sitaomba radhi. Msiniambie walimpenda mtoto. Najua walimpenda. Lakini kila mmoja alitaka kwanza aonekane amesaidia, na hakuna aliyeuliza kama msaada wake unatakiwa. Walimheshimu mgeni, wakaiheshimu chupa, wakamheshimu kila mtu mle ndani mwenye mdomo wa kulalamika. Aliyekuwa hana neno la kukataa ndiye waliyemnywesha. Na naona baadhi yenu mnatikisa vichwa kumsikitikia Subilaga, kama vile nyumba hiyo iko mbali na hapa. Msitikise vichwa. Kesho mtoto wa jirani yako atakohoa, na mama yake ataikataa chupa yako mlangoni: utamshukuru, au utakwenda kumtangaza kwamba hana adabu?