Ukuta wa Mama Nguchiro

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao, masufuria yao na majirani wa kuwasema, Mama Nguchiro aliishi karibu na bahari na watoto watatu wasiojua kushiba. Walikuwa kama nyinyi tu, basi kaeni vizuri msikilize.

Siku hizo upepo ulivuma bila kupumzika. Vuuu! Vuuu! Mama Nguchiro alivua kwa mkuki, na mkuki unataka jicho. Upepo ukichafua uso wa maji, samaki humuoni, unaona vijiwimbi tu. Siku ya kwanza alirudi mikono mitupu. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu watoto walikula ugali kwa chumvi, na yule mdogo akauliza, "Mama, na kesho chumvi tena?"

Kesho yake Mama Nguchiro akachukua mkuki na pakacha, akateremka pwani. Maji yalikuwa yamekupwa. Mchanga ulikuwa wazi mpaka mbali, umebaki mkondo mmoja tu katikati. Bahari ikianza kujaa, samaki wote wanaopanda kutafuta chakula hupita hapo.

Lakini lo! Ndani ya mkondo walikuwa wamesimama Bwana Kiboko na Bwana Nyati.

"Ebo! Wewe unakwenda wapi?" akanguruma Kiboko.

"Kuvua, baba. Watoto wana njaa."

"Rudi! Mkondo huu wetu. Hapa wanavua wenye nguvu."

"Haya. Na wenye nguvu wamepata wangapi?"

Nyati akakohoa. Hawakuwa wamepata hata dagaa mmoja, maana kila walipomrukia samaki, pwaa! maji juu, samaki huyooo.

Mama Nguchiro akageuka aondoke. Hapo ndipo alipoona. Nyuma ya lile tumbo kubwa la Kiboko, upepo haukufika. Maji yalikuwa yametulia kama kioo, na ndani ya kioo hicho walijificha changu wawili, watatu, wanne! Moyo ukamruka. Kisha Kiboko akahamisha mguu, pwaa! Changu wakapotea.

Laiti wangesimama tu, akawaza. Wasimame na wasitikisike!

"Kwaherini," akasema. "Nitawaambia kule kisimani kwamba sikuweza kuwauliza."

"Kutuuliza nini?" akasema Nyati.

"Aa, maneno ya kina mama. Wanabishana nani ataweza kusimama kwenye upepo huu. Wengine wanasema Bwana Kiboko miguu yake mifupi, atayumba."

"Nani kasema hivyo?" akanguruma Kiboko.

"Na wengine wanasema Bwana Nyati ana pembe pana, upepo utazikamata kama tanga umpeleke mpaka visiwani."

"Mimi? Mimi!" Nyati akavuta pumzi mpaka mbavu zikatanuka. "Tuone sasa hivi!"

"Sawa, lakini iwe haki," akasema Mama Nguchiro. "Simameni bega kwa bega, uso kwenye upepo. Anayeinua mguu, ameshindwa. Anayetazama nyuma, ameshindwa. Mimi nitakaa nyuma niwachunge miguu."

Wakasimama. Ukuta wa nyama! Nyuma yao maji yakatulia tuli. Bahari ikaanza kupanda, na samaki nao, wakiyakimbia maji yaliyochafuliwa na upepo, wakaingia palepale penye utulivu.

Chwa! Changu wa kwanza.

"Sauti gani hiyo?" akauliza Kiboko.

"Upepo, baba. Unakupita kwapani. Tazama mbele!"

Chwa! Chwa! Tasi wawili.

"Kiboko, umeyumba!"

"Nimepepesa jicho tu, mjinga wewe!"

"Ukipepesa tena, nimeshinda!"

Chwa! Mkizi mnene kama mkono wangu huu. Akachomoka kwenye pakacha, akaanguka, patapatapata, akampiga Nyati kisiginoni.

"Mama wee! Kitu kimenigusa mguu!"

"Usiinue!" akapiga kelele Mama Nguchiro, huku anamdaka mkizi kwa meno. "Ukiinua, umeshindwa!"

Nyati akauma midomo, akatulia. Machozi yalimtoka, lakini akatulia.

Maji yakafika matumboni mwa wale wakubwa. Kwa Mama Nguchiro yakafika shingoni, pakacha ameliweka kichwani, limejaa mpaka mikia inaning'inia. Mmoja tu tena, akasema moyoni. Chwa! Kisha akaogelea, akapanda mchangani na kukung'uta manyoya.

"Haya, mabwana!" akaita. "Mmetoka sare! Geukeni!"

Wakageuza vichwa, wamejaa fahari. Wakaliona pakacha.

"Ala! Samaki hao umewatoa wapi?"

"Nyuma yenu. Asanteni kwa kunikinga."

"Mkamate!" akanguruma Kiboko, akataka kuruka. Wapi! Anayesimama muda mrefu kwenye mchanga wa bahari inayojaa, mchanga humfukia taratibu. Miguu yao minane ilikuwa imezama mpaka magotini. Wakavuta, wakasukumana, wakatukanana. Mpaka mguu wa kwanza unachomoka, mbwotoo! mafuta ya Mama Nguchiro yalikuwa yanachemka jikoni, na watoto wanagombania mkia.

Kiboko na Nyati wakarudi ufukoni wamelowa mpaka masikio, hawana kitu.

"Lakini hatukuyumba," akasema Nyati.

"Hata kidogo," akasema Kiboko.

Basi, wanangu, anayetaka sifa husimama kwenye upepo siku nzima, na anayetaka mboga huvua nyuma yake. Haya, kila mtu akanawe miguu.