Kipima cha Saba na Jina la Mtoto

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, sisemi zamani za majini na wafalme, nasema zamani ya juzijuzi, ndege zipo na redio zipo, palikuwa na kisiwa kikiitwa Ukombe. Kisiwa bapa kama sinia. Kilima ni kimoja tu, na juu yake pana shule. Huko bondeni alikaa mwanamke jina lake Zuwena, mimba ya kwanza, imetimia, miguu imevimba, hata kwenda kisimani anapumzika mara tatu. Mwekeni hapo Zuwena, tutamfikia.

Mbali huko, bara, walikuwapo wanawake watatu wa kazi moja, na kazi yenyewe ukiisikia utasema hawa hawana akili timamu. Kimbunga kikizuka baharini kila mtu anakikimbia. Wao wanakifuata kwa ndege, wanakipasua katikati, wanakipima, ili watu wa pwani waambiwe mapema kinakwenda wapi. Raya ndiye rubani. Mize ndiye mpimaji, anakaa nyuma ya ndege. Hidaya ndiye mtabiri, yeye hapandi, anakaa ofisini na kompyuta yake anapokea namba. Raya anapeleka, Mize anapima, Hidaya anasoma.

Kazi ya Mize ilikuwa kuangusha vipima. Kipima ni kibomba chepesi, urefu wake dhiraa hivi, kina mwavuli wake mdogo. Ukikiachia kinashuka taratibu, na njia nzima kinatuma habari, upepo ni huu, joto ni hili, mpaka kigonge maji kinyamaze. Hakirudi tena. Mize ameviangusha miaka kumi na moja na hajazoea. Kila kimoja alikifuta kwa pindo la mtandio wake, akakiambia, nenda baba, ukifika nambie. Wenzake walimcheka sana kwa hilo. Yeye alisema kitu unachokituma mahali kisikorudi, angalau kiage.

Basi siku moja kikazuka kimbunga kikubwa, kinaelekea magharibi. Asubuhi Raya akarusha ndege, wamo watu saba. Wakaingia mle ndani. Ndege inarushwa juu, inaangushwa chini, vikombe vinaruka, na Raya anaita kwenye redio ya masikioni, "Achia," na Mize anaachia. Cha kwanza, achia, akaachia. Cha pili, achia, akaachia. Ikawa hivyo mpaka cha sita.

Cha saba Raya akaita, na Mize hakuachia. Alikuwa bado anakifuta. Siku ile alikuwa na unyonge wake tu, mamake alikuwa mgonjwa, akawa anakiambia kile kipima maneno marefu kuliko kawaida, na ndege ikatikisika, na alipozinduka na kukisukuma nje walikuwa wamekwisha pita pale mahali kwa kilomita nane. Miaka kumi na moja hajakosea.

Sasa sikilizeni vizuri. Katika kazi ile vipima hufa. Mwavuli hukataa, au umeme hukatika, na mpimaji huandika neno moja, kibovu, na kinafutwa, hakuna anayeuliza. Mize angeandika kibovu, na kosa lake lingezama na kipima chake. Kalamu alikuwa nayo mkononi. Akafikiri, akaona haya mbele ya nafsi yake, akaandika: Cha saba ni kizima. Nimekiachia mahali pasipo pake. Kosa ni langu.

Huko ofisini Hidaya akapokea namba, na nakala ya karatasi ya Mize pamoja nazo. Vipima vingine vyote vilikubaliana, kimbunga kitapita kaskazini ya Ukombe, huko baharini, watu wakae na amani yao. Tangazo likaandikwa, mkubwa wa ofisi akatia sahihi, lingesomwa redioni saa sita mchana. Lakini cha saba kilileta ubishi. Mahali ambapo upepo ulitakiwa utoke mashariki, chenyewe kilisema unatoka magharibi. Kompyuta, kwa kuwa kimoja kimepingana na vingi, ikakitupa nje ya hesabu.

Hidaya akaisoma ile karatasi ya Mize mara mbili. Mtu aliyekubali kosa lake bila kuulizwa, akasema moyoni, hawezi kunidanganya kwamba kipima ni kizima. Na kama ni kizima, basi, kwa kuwa pande zetu upepo wa magharibi huvuma kaskazini ya moyo wa kimbunga, moyo huo uko kusini zaidi ya tunavyodhani, na kikiendelea hivyo Ukombe ndiyo njia yake. Akaenda kuomba tangazo lisimame. Mkubwa akamwambia, unawatoa watu elfu tatu majumbani kwa kipima kimoja kilichoangushwa kwa makosa? Hidaya akasema, nipe saa moja. Akampigia Raya redio, akamweleza, akamwomba apite tena, kusini zaidi.

Raya akaitazama mishale ya mafuta. Yalikuwa ya kupita mara moja na kurudi nyumbani, basi, hakuna ya kuzungukazunguka wakikuta uwanja umefungwa na mvua. Sheria ilimruhusu kukataa. Akawauliza wenzake mmoja mmoja, nao wakaitikia mmoja mmoja, na Mize aliitikia kwa sauti ndogo mno. Raya akageuza ndege. Wakapita kusini, vipima vitatu vikaanguka, na vyote vitatu vikasema kama kilivyosema kile cha saba.

Saa sita redio ikatangaza: Ukombe, pandeni kilimani, sasa hivi. Mume wa Zuwena akaazima mkokoteni wa punda, akamlaza mkewe juu ya godoro, na njia ambayo mtu mzima huipanda kwa saa moja wao waliipanda kwa saa tatu, kila uchungu ukimshika wanasimama. Walipofika, mvua ikaanza. Kimbunga kikatua kabla ya magharibi. Bondeni hakikusaza nyumba, na kilimani, katika darasa la nne, juu ya mkeka, Zuwena akajifungua mtoto wa kike, mzima, analia kushinda upepo. Hakufa mtu hata mmoja.

Zuwena akauliza, nani ametuokoa? Nataka mwanangu apewe jina lake.

Na Ukombe jina si jambo la mchezo. Mtoto akipewa jina lako, wewe ni somo yake mpaka kaburini. Wewe ndiye unayemvisha nguo ya kwanza, kwako ndiko anakokimbilia akigombezwa kwao, na ukizeeka yeye ndiye anayekupikia uji. Tena jina ni moja, somo ni mmoja. Hawachanganyi.

Siku ya saba wanawake wote watatu wakaitwa, wakaja na boti ya misaada. Mtoto amekwisha nyolewa, mwalimu wa chuo cha Kurani amekaa kulisomea jina, watu wamejaa. Zuwena akasema, semeni wenyewe, ni nani kati yenu aliyetuokoa.

Raya akasema, "Hidaya aliniomba, hakuniamuru. Ningesema mafuta hayatoshi, na nisingekuwa mwongo. Nina watoto wanne wa kiume, niliwafikiria wote, kisha nikageuza. Namba bila mimi ingebaki fununu." Na kanga ya mtoto alikuwa keshaileta mfukoni, msimcheke, mtu aliyezaa wanaume watupu ana hamu yake.

Hidaya akasema, "Ile namba ilikuwa imekwisha tupwa. Ningekaa kimya, nani angenilaumu? Nimeiokota kwa kuamini neno la mtu tu, na kama ingekuwa uongo ningefukuzwa kazi kwa aibu. Mimi sina mume wala mtoto. Nimekaa miaka yote na namba, na hii ndiyo namba ya kwanza niliyoipakata." Na kweli mtoto wakati ule alikuwa mapajani mwake.

Ikafika zamu ya Mize. Naye alilitaka jina lile, alilitaka sana. Akasema, "Mimi nilichelewa tu. Ningefanya kazi yangu sawasawa, mama huyu angebaki bondeni. Nilichofanya ni kutosema uongo, na hicho hata mtoto mdogo anatakiwa akifanye. Mpeni mwingine."

Zuwena akashindwa kujizuia, akalia. Akamwangalia Raya, akamwangalia Hidaya, akamwangalia Mize aliyekuwa ameinamisha uso. Mwalimu akauliza jina mara ya kwanza, akauliza mara ya pili.

Wewe uliyenyoosha mkono, ngoja. Unasema Mize naye alikuwa ndani ya ndege mara ya pili. Alikuwamo, lakini uamuzi ulikuwa wa nani? Na wewe unasema kosa halipewi zawadi. Haya, kosa tuliache, na ile karatasi je? Mtoe Mize, hakuna cha kusoma. Mtoe Hidaya, kilichosomwa kiko jalalani. Mtoe Raya, hakuna wa kukithibitisha. Mtoe yeyote, na mtoto yule hayupo.

Lakini yupo, na somo ni mmoja, na mwalimu anauliza mara ya tatu. Mimi nimemaliza yangu. Semeni nyinyi: mtoto aitwe nani?