Bomba la Fundi Ambakisye

Ndege hula bomba likijazwa. Mwalimu Syabumi, mstaafu wa hesabu, aliitamka methali hii mbele ya vijana waliotimiza miezi mitatu wakiboresha mashine ya kupukuchulia mahindi, huku mahindi yenyewe yakiliwa na fukusi. Walipomwuliza imetoka wapi, alivuta kigoda, akasema kwamba ilizaliwa katika jaruba moja la mpunga huko bonde la Usangu, na ilianza hivi.

Ambakisye alikuwa fundi baiskeli. Baiskeli zilimlisha, lakini raha yake ilikuwa bunduki ya upepo aliyoiunda mwenyewe: bomba la chuma lenye urefu wa mtu, mtungi wa friji iliyokufa, valvu ya lori na pampu ya mguu. Humo alitia gololi za udongo alizozikausha juani. Gololi ilipovuka mfereji na kupasuka kwenye kichuguu cha ng'ambo, moyo wake ulitulia kama wa mtu aliyeshiba.

Mwaka huo dada yake, Subilaga, alivunjika mguu wakati punje za mpunga zikiwa bado maziwa, na ndege aina ya kweleakwelea wakishuka kwa maelfu. Jaruba lile ndilo lililowalisha yeye na wanawe mwaka mzima. Hakuweza kupanda dungu, kile kichanja cha kuamia ndege, akamwomba mdogo wake amshikie zamu.

"Panda alfajiri, vuta kamba ya makopo, piga kelele mpaka jua lizame," alimwelekeza. "Inachosha, lakini haina siri."

"Dada, wewe pumzika. Ndege wako watahama wilaya."

Siku ya kwanza ilikuwa hivyo hasa. Bomba lililia, kundi zima likainuka kama moshi, majirani wakashangilia. Kulijaza tena kulitaka kusukuma pampu mara sitini. Baada ya siku chache ndege walianza kurudi mapema, naye akaamua kwamba nguvu haijatosha. Aliunga mtungi wa pili, kisha wa tatu. Sasa mshindo ulisikika hadi gulioni, na kila mmoja ulidai kusukuma mara mia mbili. Alisukuma macho yakiwa kwenye geji ya kupimia upepo, akihofia kiungo kisifumuke, na kwa haki lazima isemwe kwamba alikuwa na furaha ya kweli.

Siku ya kumi Subilaga alikuja na magongo yake, akaketi kwenye tuta. Jirani yao, Lugano, alikuwa juu ya dungu lake akivuta kamba.

"Fundi," Lugano aliita, "leo wageni wako wamechelewa. Hebu wapigie kengele ya chakula."

Ambakisye alicheka, akaanza kusukuma.

"Mdogo wangu," alisema Subilaga, "endelea, ila usitazame geji. Tazama shamba."

Alitii. Kabla hajafika kumi, ndege wa kwanza walitua. Alipofika thelathini, masuke yalikuwa yameinama kwa uzito wa ndege. Aliendelea, kwa kuwa aliona haya kuacha. Pampu ilipokoma, na mkono wake haujagusa bado valvu, waliruka wote kwa utulivu wakaenda mitini. Walikwisha kujifunza kwamba maadamu pampu inalia, hakuna baya.

Subilaga alikata suke, akalifikicha kiganjani, akapuliza. Hakikubaki kitu.

"Hiki kilikuwa chakula cha wanangu mpaka mwakani," alisema, bila kupaza sauti.

Ambakisye aliondoa mguu kwenye pampu. Aliliacha bomba pale pale, akapanda dungu, akavuta kamba siku ile na zote zilizofuata, mpaka viganja vikachubuka. Waliokoa nusu. Ile nusu nyingine ilijulikana mwezi wa kumi na mbili, Subilaga alipoanza kupika mara moja kwa siku, na Ambakisye akawa anapeleka unga kila jioni bila kuulizwa.

Msimu uliofuata vijana wa kijiji cha pili walimjia, wakitaka awaundie bomba kama lile kwa mashamba yao. Aliwaonyesha kila kiungo kwa mapenzi yale yale, akawaacha wapige hadi ng'ambo ya mfereji. Wakamwuliza, mbona yeye mwenyewe anaelekea dunguni na kamba ya makopo?

"Bomba ni zuri," aliwajibu, "lakini ndege hula bomba likijazwa."