Mzinga wa Nyamizi

Sogeeni karibu, na simu ziwekwe hapa nizione, maana siku hizi simwamini mtu.

Katika ushirika mmoja wa wafuga nyuki palikuwa na watu watatu. Zaituni alijaliwa shaka: ukimwambia mvua inanyesha, atatoka alowe kwanza ndipo akubali. Kashindye alijaliwa subira. Mihayo yeye alijaliwa ulimi. Akisimama mkutanoni, hata mwenyekiti hunyamaza.

Ofisi ilikuwa na kompyuta moja, na karani wake ni Nyamizi. Ikaanza kuganda. Kila Nyamizi akifungua kivinjari aingie mtandaoni, kipanya hakisogei, vitufe havisikii, mpaka aizime kwa nguvu. Wiki tatu mambo ni hayo hayo. Watu nao hawakosi la kusema: wakasema ana mkono mbaya, wengine wakataja uchawi waziwazi. Mwenyekiti akaitisha mkutano pale pale ofisini wa kumwondoa kazini. Nyamizi akalia mbele ya wote, akaahidi kuwa atakayemsafisha jina atampa mzinga wake, na alikuwa nao huo mmoja tu.

Zaituni akasema yeye haamini uchawi, wala hamwamini Nyamizi. Akamwondoa kitini akakaa mwenyewe. Akaandika barua ndefu, kompyuta shwari. Akafungua kivinjari, ikaganda. Akamkalisha mwenyekiti, ikaganda vilevile. Basi mkono wa Nyamizi ukatoka kwenye kesi.

Kashindye akavuta kiti. Alikuta kivinjari kimebandikwa vijiprogramu saba vya nyongeza. Akavizima vyote, kikafunguka vizuri. Akawasha kimoja, akasubiri. Akawasha cha pili, akasubiri. Alipofika cha sita, cha kupakulia video za mpira, kompyuta ikaganda. Akakifuta, na tangu hapo haikuganda tena.

Mwenyekiti hakulegea. "Na aliyekiweka ni nani kama si karani?" akauliza. "Anayekaa hapo kila siku ni yeye." Nyamizi alikana, lakini nani angemsadiki?

Ndipo Mihayo akasimama. "Nilikiweka mimi, Nyamizi alipotoka kwenda kula."

Mkutano ukaisha hapo, na Nyamizi akabaki na kazi yake. Kesho yake wote watatu wakafika kwake kuudai mzinga. Zaituni alisema bila yeye mpaka leo wangekuwa wanatafuta mganga. Kashindye akasema shaka ya Zaituni haikufuta hata kijiprogramu kimoja. Mihayo akasema wenzake wameponya kompyuta, jina amelisafisha yeye.

Nyamizi akamkazia macho. "Wiki tatu unanisikia naitwa mchawi, umenyamaza. Umesikia mzinga, ukasema."

Mihayo akaapa kwamba hakujua kama ni kile chake mpaka Kashindye alipokiwasha. Huenda ni kweli. Huenda pia anatudanganya, na moyo wake hatukuufungua tukaona.

Nyuki wa mzinga mmoja hawagawanyiki mafungu matatu. Haya, semeni nyinyi, na kila mtu atoe sababu yake: mzinga ule Nyamizi ampe nani?