Sungura Ameshaonja

Hapo zamani, na anayetaka kusinzia aondoke mapema, palikuwa na nyumba moja pembezoni mwa msitu wa miyombo. Njaa ilikuwa imeingia ikakaa. Mwenye nyumba, Mihayo, alitega mitego hadi akachoka. Mkewe, Nyanzala, alikuwa na mtoto mmoja tu, Masele, na Masele alikonda hata kulia akawa hawezi.

Sasa, sungura na uyoga wote ni wa pori moja, ila sungura humkimbia mtu, uyoga humngoja, hata ule wenye sumu. Kwa hiyo watu wale walikuwa na mwiko: aliyechuma uyoga huuonja peke yake, wengine hungoja mpaka kesho yake.

Siku hiyo Mihayo akamkuta sungura anatafuna uyoga mweupe. Akamrushia rungu, akamkosa. Sungura huyoo!

Akarudi mikono mitupu, akamwambia dada yake Kalunde, "Uyoga upo tele. Sungura kaula mbele ya macho yangu, na mbio alizotimua si za mgonjwa."

Kalunde akaenda, akachuma, akapika. Chungu kilikuwa kidogo, wakubwa wakajikaza ili mtoto ale.

"Wifi, umeonja?" Nyanzala akauliza.

"Sungura ameshaonja. Tukingoja kesho, tutamkuta mtoto huyu yu hai?"

Mwenye njaa hana miiko. Nyanzala akamlisha mwanawe kwa mkono wake mwenyewe. Masele akalamba vidole, akacheka, na mama yake akafurahi, masikini.

Kesho yake, kabla jua halijafika utosini, mtoto alikuwa amekufa.

Desturi yao haikuwa na huruma: mwenye kosa huchimba kaburi peke yake, kisha huhama asirudi tena.

Mihayo akashika jembe. "Nipisheni. Ni mimi niliyemwamini mnyama."

Kalunde akalishika. "Wewe ulisema tu, kaka. Kuonja kulikuwa juu yangu, nami niliogopa."

Nyanzala naye akalishika. "Hamkumlisha nyinyi! Nilijua hakuna mtu aliyeonja, nikampa."

Alisema hivyo, lakini moyoni aliomba mmoja wao amshinde nguvu, alichukue, yeye abaki karibu na kaburi la mwanawe. Akajichukia kwa kuomba hivyo. Hakuna aliyeachia.

Haya, jembe ni moja na maiti hangoji. Semeni nyinyi mnaojua kuhukumu: Je, nani alistahili kuachiwa jembe lile?