Benchi la Mrungu

Kibanda cha supu cha Nambua kilikaa juu ya mpaka wa majiji mawili, Mrungu na Tawalani, benchi moja kila upande. Askari wa Mrungu wakija kukibomoa, aliwaambia kiko Tawalani. Wakija wa Tawalani, kilikuwa Mrungu. Siku moja Shekivuli, Mkurugenzi wa Mrungu, alikuja mwenyewe na tingatinga.

"Leo huna pa kukimbilia, mama. Majiji yameungana."

"Yameungana kabisa, mheshimiwa?"

"Kabisa! Hakuna tena huku na kule."

"Basi nimeshindwa. Niandikie hivyo tu, kwa muhuri, wateja wajue nimehamishwa na sheria, si na supu mbaya."

Mkurugenzi alicheka, akaandika, akagonga muhuri. Nambua aliikunja barua, akashika njia ya Tawalani.

"Wapi tena?"

"Kwa mkurugenzi wa kule, nimpongeze. Jiji moja lina mkurugenzi mmoja, na yeye amekutangulia kazini miaka sita."

Shekivuli alimwahi njiani.

"Irudishe hiyo barua, mama."

"Na tingatinga?"

"Linaondoka."

"Basi karibu supu, mheshimiwa."

Shekivuli alikubali, lakini kabla ya kukaa aliuliza benchi la Mrungu ni lipi.