Fungu la Tai

Jamani, mpo?

Tupo!

Mmekaa vizuri?

Tumekaa!

Nianze, au mna haraka ya kwenda?

Anza, hatuna pa kwenda!

Basi hapo zamani, zamani za mbali, wanyama waliposemezana na kuelewana, palikuwa na kilima cha mawe kilichoitwa Itunga. Kilima kilikuwa na mapango. Chini ya kilima palikuwa na chemchemi, na kando ya chemchemi palikuwa na nyasi na mikuyu. Wenyeji wa kilima hicho walikuwa pimbi. Pimbi mnamjua: mnyama mdogo, mnene, hana mkia. Ukimwona juu ya jiwe utadhani ni sungura aliyekatwa masikio. Msimwambie kwamba nimesema hivyo.

Siku hizo pimbi walikuwa wachache. Mama pimbi alizaa watoto wanne. Tai alishuka kutoka angani, akachukua mmoja. Chatu aliingia pangoni, akachukua mmoja. Homa ilikuja na mvua, ikachukua mmoja. Akabaki mmoja. Huyo ndiye aliyekua, akaoa au akaolewa.

Kwa hiyo akina mama walijiwekea desturi. Mama akijifungua, mama mkwe wake alikuja, akawalaza watoto kwenye jiwe, akawagusa vichwa mmoja mmoja, akisema:

Huyu wa tai,
huyu wa chatu,
huyu wa homa,
huyu wangu.

Aliyezaa wanne alipongezwa. Aliyezaa watatu alionewa huruma. Walisema, "Maskini, amezaa wa kuchukuliwa tu."

Sasa pimbi, kama viumbe wengine, hawakupenda kufiwa. Wakaanza kutafuta njia.

Kwanza walimtafutia tai. Pimbi mmoja aitwaye Lugoye alisema, "Tuweke mlinzi juu ya jiwe refu. Akimwona tai, apige mluzi. Sote tuingie ndani." Wakaweka mlinzi. Tai akaja, mlinzi akapiga mluzi, kila mtoto akaingia pangoni. Tai akaja mara ya pili, hola, hakupata kitu. Akaja mara ya tatu, hola. Tai akahamia bonde la mbali. Pimbi wakacheza ngoma, wakamfanya Lugoye mtemi wao.

Pili walimtafutia chatu. Waliziba milango ya mapango kwa miiba ya migunga, wakaacha tundu dogo la kupita pimbi. Chatu akaja, akachomwa pua. Akajaribu mlango wa pili, akachomwa jicho. Mlango wa tatu hakuujaribu. Pimbi wakacheza ngoma.

Tatu waliitafutia homa. Waligundua kichaka cha majani machungu kando ya chemchemi. Mama alitafuna majani, akamtemea mtoto mdomoni. Mtoto alilia, alikunja uso, alipona. Pimbi wakacheza ngoma ya tatu, na hiyo ilichezwa siku saba.

Mpaka hapo hakuna aliyekosea, au mnasemaje?

Hakuna!

Hata mimi naona hivyo. Lakini sikilizeni.

Tai aliondoka, na akina mama waliendelea kusema, "Huyu wa tai." Chatu aliondoka, nao wakaendelea kusema, "Huyu wa chatu." Homa ilipungua, na bado, "Huyu wa homa." Nani angethubutu kuliruka fungu la tai? Akirudi je? Basi wakazaliwa wanne, wakakua wanne. Wale wanne wakaoana na wenzao, na kila mke akazaa wanne, wakakua wanne. Kilima kilikuwa kile kile.

Pimbi wakajaa Itunga. Walikula nyasi za karibu, zikaisha. Walikula nyasi za mbali, zikaisha. Wakapanda mikuyu, wakala majani. Majani yalipoisha wakaguguna magome. Mikuyu ikakauka. Mvua iliponyesha haikuwa na cha kuizuia, ikazoa udongo wote na kuumwaga chemchemini. Maji yakawa tope.

Ndani ya mapango nako kulibadilika. Pimbi walilala kwa zamu: hawa wakiamka, wale wanaingia. Zamani mtu akipita mlangoni kwako ulimwita ale. Sasa akipita ulilikalia jani lako mpaka apotee. Mtoto alimuuliza mwenzake, "Wewe ni wa nani?" Mwenzake akajibu, "Sijui, niko zamu ya asubuhi."

Mtemi Lugoye, ambaye sasa alikuwa mzee, aliita mkutano.

"Vijana wahame," alisema. "Wavuke uwanda waende kilima cha pili."

Vijana wakafunga safari. Katikati ya uwanda wakakutana na kundi la pimbi wageni, wamekonda kama wao.

"Mnakwenda wapi, ndugu zetu?" vijana wa Itunga waliuliza.

"Tunakwenda Itunga. Tumesikia kuna nafasi."

"Sisi ndio tunatoka Itunga. Tunakuja kwenu. Tumesikia kuna nafasi."

Makundi yote mawili yakakaa chini. Yakatazamana. Kisha kila kundi likageuka likarudi lilikotoka.

Mtemi akaita mkutano wa pili. "Tugawane nyasi," alisema. "Kila ukoo uwe na upande wake." Wakagawana. Siku ya kwanza walizozana juu ya mpaka. Siku ya pili waling'atana. Siku ya tatu mpaka wenyewe uliliwa, maana ulikuwa mstari wa majani.

Mtemi akaita mkutano wa tatu. Safari hii alikuja pole pole, akakaa chini.

"Wajukuu wangu wawili wamekufa kwa njaa wiki hii," alisema. "Nimefikiri mpaka nimechoka. Nimemwendea tai."

Akina mama wakawavuta watoto wao karibu.

"Keshokutwa jua likiwa utosini, mlinzi hatapiga mluzi. Kila mama ataleta mtoto mmoja pale kwenye jiwe bapa. Tai atachukua wale tu, hatagusa mwingine. Wengine tutapumua."

"Mtoto yupi?" mama mmoja aliuliza.

"Mnamjua," alisema Mtemi, naye hakumtazama mtu. "Mlimtaja wenyewe siku aliyozaliwa. Leteni wa tai."

Katika mkutano huo alikuwapo mama mmoja kijana aitwaye Minza. Minza alikuwa na watoto wanne, na hao wanne waliitana kwa mafungu yao, kama watoto wengi wa siku hizo. Wa Tai alikuwa binti, mtundu, mwenye kovu puani kwa kupenda kuchungulia kwenye miiba. Alimuuliza mama yake, "Mama, keshokutwa nakwenda wapi?"

Minza aliinuka. Alikwenda kwa mama mkwe wake, Bibi Holo, aliyekuwa amelala akiota jua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umevimba uso?"

"Mama, siku niliyojifungua uliwagusa watoto wangu. Ulijuaje kwamba huyu ni wa tai?"

Bibi Holo akajikuna. "Alikuwa wa kwanza mkononi. Tunaanza na tai."

"Basi?"

"Basi. Ulitaka nimpime kwa kamba?"

"Na wewe, mama, uligusiwa wangapi?"

"Wanne."

"Wa tai alikwenda na tai?"

Bibi Holo akaacha kujikuna. Aliangalia upande wa mapango, akaangalia tena chini.

"Hapana," alisema mwishowe. "Tai alichukua yule tuliyesema ni wangu. Alikuwa amekaa mlangoni, mchana, ananisubiri nirudi na majani. Wa tai alikwenda na homa. Wa chatu alikwenda na chatu, sawa, hapo tulipatia."

"Na wa homa?"

"Wa homa ndiye mume wako."

Minza akakaa chini kando yake.

"Mama, kumbe tai hakuwa akisikia tukisema."

"Atasikiaje? Yuko angani huko," alisema Bibi Holo. "Tulikuwa tunajisemea sisi, mwanangu. Ili ukirudi ukakuta mmoja hayupo, uwe umeshajiambia. Wala haikusaidia. Mimi nililia vile vile." Kisha akainuka. "Nipe mkono. Twende kwa wenzako."

Wakaenda pango hadi pango. Katika kila pango Minza aliuliza swali moja: "Mwenzangu, kati ya hawa, wako ni yupi?" Wengine walimtukana. Mmoja alimwambia, "Wewe una wazimu, mtemi ameshasema." Lakini kila mama alipojaribu kuonyesha kidole, kidole kilizunguka na hakikukaa. Wa kwanza alilia. Wa pili alilia. Wa tatu alisema, "Toka mlangoni kwangu, nitakuja."

Keshokutwa ikafika. Jua likawa utosini. Mlinzi alikaa juu ya jiwe refu, mdomo ameufunga. Mtemi Lugoye alikaa chini yake, macho ameyafumba.

Tai akaja. Akatua kwenye jiwe bapa, akatazama huku na huku. Hakukuwa na mtoto hata mmoja. Walikuwapo akina mama, wamekaa bega kwa bega kuzunguka jiwe lote, na Bibi Holo katikati yao.

"Fungu langu liko wapi?" tai aliuliza.

"Huna fungu," alisema Minza.

"Mtemi wenu ameniahidi."

"Mtemi alikuahidi kile tulichokuwa tunasema. Tulikosea kukisema. Tulikuzalia watoto miaka yote uliyokuwa hapa, na miaka yote ambayo hukuwapo tukaendelea kukuzalia. Leo tumeacha. Hatuna mtoto wa tai."

"Basi nitachukua mmoja wenu."

"Chukua," alisema Bibi Holo, akaonyesha meno. Pimbi ana meno mawili ya mbele marefu, yenye ncha, na Bibi Holo yake yalikuwa hayajang'oka. "Anza na mimi. Nina nyama ngumu, utaniendea taratibu."

Akina mama wote wakaonyesha meno.

Tai akawaza. Yeye alizoea kumshika anayekimbia. Anayekimbia unamshukia kwa nyuma, ukaondoka naye. Hawa hawakukimbia. Akimshika mmoja, thelathini watamrukia, na tai mwenye bawa lililong'atwa hufa njaa. Akageuza kichwa mara ya kwanza. Akageuza mara ya pili. Akageuza mara ya tatu.

"Mmenipotezea siku," alisema. Akaruka, akarudi bondeni kwake kutafuta panya.

Wa Tai, aliyekuwa anachungulia kwenye miiba kama kawaida yake, alitoka mbio akaenda kumkumbatia mama yake.

Mtemi Lugoye akafumbua macho. Hakukasirika. Aliinuka, akasimama mbele ya akina mama.

"Minza, mwanangu, nashukuru," alisema. "Lakini kesho tutakula nini?"

"Tutakula kidogo, mtemi," alijibu Minza. "Na keshokutwa kidogo. Waliopo ni wetu wote, hatuna wa kumtoa. Ila wasiozaliwa bado, hao ndio tunaoweza kuzungumza habari zao. Mimi sitamzalia tai tena, wala chatu, wala homa. Nitamzaa wangu."

Wengine wakasema, na wao pia. Wengine wakasema, tutafikiri. Hakuna aliyelazimishwa.

Wasikilizaji wangu, sitawadanganya kwamba nyasi zilirudi asubuhi yake. Mwaka wa kwanza walikaa na njaa. Wazee walikufa kwa uzee wao, na Mtemi Lugoye alikuwa mmojawapo. Mwaka wa pili walikaa na njaa pia, lakini walikubaliana kuacha upande mmoja wa chemchemi usiguswe na meno ya mtu. Mwaka wa tatu upande ule ukaota nyasi, tope likatulia, maji yakawa maangavu mpaka chini.

Mwaka huo Minza alijifungua mtoto mmoja. Bibi Holo alikuja kama ilivyo desturi, akamlaza kwenye jiwe, akanyoosha mkono, kisha akasita, maana hakujua aseme nini. Akamrudisha kwa mama yake. Mtoto akanyonya. Akanyonya mpaka akasinzia na chuchu mdomoni, na maziwa yakabaki.

Hadithi yangu inatufundisha hivi. Mwenye watoto wengi usimcheke, wala usimkaripie. Kwanza muulize anaogopa nini, maana wengi huzaa kwa sababu ya hofu. Ondoa hofu hiyo, mtibu mtoto wake, mlinde. Lakini hofu ikishaondoka, tuambiane kwamba imeondoka, tusiendelee kuizalia. Ardhi haijui nani alizaliwa kwa ajili ya nani. Inawalisha wote, au inashindwa na wote.

Mimi nimemaliza kusimulia. Nilichosema nimekiweka hapo katikati yenu, kila mtu achukue kiasi cha kumtosha.

Tumechukua!

Na mbakishe.

Tumebakisha!